Mwaka Niliosoma Damu ya Watu

Tulimzika Dokta Kisimba mwezi uliopita, asubuhi ya baridi na vumbi, na nyumbani kwake kwenye kilio nilikaa nyuma kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kusikiliza bila kuombwa neno. Ndugu mmoja wa marehemu alisimama akaeleza kwamba mwaka wa Korona daktari huyu alikuwa akiangalia tone la damu tu, akajua nani atapona na nani hatapona. Watu wakaguna kwa heshima. Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza kama nilimfahamu marehemu, nikamjibu kwamba tulifanya kazi pamoja kidogo. Halikuwa jibu la kweli wala la uongo. Damu ile niliipima mimi. Karatasi zile niliziandika mimi, na mistari myekundu iliyopigwa juu yake ilikuwa yangu pia. Dokta Kisimba nilimpenda na ninamheshimu mpaka leo, lakini yaliyosemwa pale hayakuwa yale yaliyotokea, na tangu siku ile naenda kazini na kurudi nikiwa na kitu kifuani kisichotulia. Nina miaka thelathini na miwili. Si umri wa kuandika kumbukumbu. Ila mwaka ule nilikuwa na ishirini na sita, na nikiutazama kutoka hapa nilipo, nauona mbali kama maisha ya mtu mwingine.

Labo yetu, maabara ya hospitali, ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa matofali. Kabla ya ugonjwa tulikuwa wanne humo ndani, na kulikuwa na redio, na birika la chai, na mabishano ya kila siku kuhusu nani alikula andazi la nani. Kisha mmoja akaugua, mwingine akahamishiwa upande wa kupima watu puani, wa tatu alikuwa mjamzito, akaambiwa abaki kwake. Nikabaki mimi. Redio niliizima mwenyewe baada ya wiki moja, kwa sababu ilitaja wafu tu. Mirija ya damu ililetwa ndani ya sanduku la plastiki, ikawekwa kizingitini, mlango ukagongwa mara mbili, na nilipofungua aliyeileta alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya uwanja. Sikumlaumu. Wakati ule kila mtu alimkwepa mwenzake, na mimi niliyeishika damu yenyewe nilikwepwa zaidi.

Ni Dokta Kisimba aliyeleta wazo la daftari. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye tabia ya kula karanga kutoka mfukoni akiwaza. Alikuja akasimama mlangoni, akanieleza shida yake bila kuzunguka. Mashine za oksijeni zilikuwa tano, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Tena ugonjwa huu ulikuwa na hila: mtu alifika akitembea, akacheka na wanawe, akala vizuri, na siku ya tatu akawa anatafuta pumzi kama aliyetoka mtoni. Alitaka kujua mapema nani ataangukia huko, ili ampe oksijeni kabla hajaanguka. Alikuwa amesoma kwamba damu hutangulia kusema. Basi kwa kila mgonjwa aliyeingia tungepima vitu vitatu. Cha kwanza ni protini ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili ukiwaka moto ndani. Cha pili ni hesabu ya zile chembe nyeupe zinazopigana na virusi, ambazo kwa wagonjwa waliozidiwa zilipungua kama askari waliokimbia. Cha tatu ni mabaki ya damu iliyoganda, maana ugonjwa huu uligandisha damu mahali pasipotakiwa. Ningeandika matokeo matatu kwenye daftari, na mwisho wa mstari angeandika yeye: katoka, au kafa. Baada ya kurasa kadhaa, alisema, tutaona njia. Nilikubali kwa moyo wote. Nilikuwa kijana, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi yangu ingeweza kuyatangulia mauti.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhama mtaa wetu wa Kenya, hapahapa mjini, kwa mama mudogo aliyenilea. Majirani walikuwa wamejua ninakofanya kazi, wakaacha kuteka maji kwenye bomba letu, na siku moja mama mudogo alinisubiri mlangoni, akaniambia, huku akiangalia chini, kwamba watoto wa nyumba ile walikuwa wengi na kifua chake mwenyewe hakikuwa kizuri. Hakunifukuza. Alinifungia nguo zangu vizuri katika kitenge, akaongeza chumvi na sabuni. Tulipatana baadaye, na mpaka leo tunakula Krismasi pamoja, lakini asubuhi ile hatujawahi kuizungumza. Hospitali ikanipa chumba kilichokuwa ghala la mashuka nyuma ya jengo la kufulia. Kilikuwa na rafu tupu hadi darini na harufu ya sabuni ya zamani. Niliweka godoro chini ya rafu, mbabula, jiko la makaa, nje ya mlango, na sufuria moja. Nilijifunza kupika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja, jambo gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mkono uliozoea unga wa watu tisa haukubali kupima kiganja. Mwanzoni nilipika nyingi na kuitupa. Nilikula mchicha wa lengalenga, siku nyingine dagaa wa ndakala, nikiwa nimekaa kitako juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeelekea ukutani.

Nyuma ya ukuta huo walifanya kazi wanawake wawili waliofua mashuka. Sikujua sura zao, sauti tu, moja nene na moja ya haraka. Mchana, saa yangu ya kula, na wao walikula, na ukuta ulikuwa mwembamba. Nilijua mume wa yule wa sauti nene alikuwa amerudi kutoka machimboni bila kazi, na kwamba yule wa haraka alikuwa na binti aliyekataa mchumba. Walipocheka nilijikuta natabasamu na tonge mkononi. Nilianza kuchelewesha chakula changu hadi nisikie sahani zao. Mchana mmoja wakanizungumzia mimi. Yule wa haraka alisema kwamba msichana wa labo ana maringo, hamsalimu mtu, akipita anaangalia pembeni. Mwenzake akaunga mkono. Nilikuwa nikipita mbali nao ili nisiwaambukize. Sikuwa nimefikiria jinsi inavyoonekana kwa anayetazama. Kesho yake nilikula mapema zaidi, kabla hawajafika.

Daftari likajaa, na kweli njia ikaonekana. Wale ambao vipimo vyao vyote vitatu vilikuwa vibaya, mara nyingi mstari wao ulimalizika kwa neno lile fupi. Baada ya mwezi sikuhitaji kusubiri daktari aandike. Nilitoa mrija kwenye mashine, nikatazama namba, nikajua, na mtu mwenyewe huenda wakati huo alikuwa akiomba aletewe simu yake. Hilo lilinibebesha upweke ambao sikuwa nimeuwazia. Nilijua jambo kuhusu mtu ambalo mke wake hakulijua, na sikuwa na wa kumwambia. Ndipo nikapata wazo langu. Ili jicho la daktari lifike haraka kwa walio hatarini, nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari chini ya majina yao. Alifurahi sana. Alisema kwamba sasa hata mtu aliyechoka ataona. Akaanza kupiga nakala za kurasa zile na kuzipeleka upande wa wagonjwa, ambako mimi sikuwahi kufika.

Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ambaye damu yake ilikuwa nzuri. Sikumpigia mstari. Walimweka mwisho wa chumba, mbali na mashine, na siku ya tatu mchana akafa ghafla. Nadhani damu iliganda ikaziba mapafu. Daktari alipoandika lile neno kwenye mstari usio na wekundu aliniangalia, nami nikamwangalia. Nilijiambia kwamba ni mmoja tu. Niliendelea na kalamu yangu.

Siku ya mrija usio na jina ilikuwa Alhamisi ya mvua. Karatasi ya jina ilikuwa imelowa na kubanduka. Ningeweza kuutupa na kuomba mwingine, lakini mtu huyo angechomwa tena bure, na nilidhani nikiuliza pale penye wagonjwa nitapata jibu kwa dakika mbili. Nikavaa vazi refu na barakoa mbili, nikavuka uwanja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kabla sijaingia niliona kwenye mlango, imebandikwa kwa plasta, karatasi yangu. Mwandiko wangu, mistari yangu. Ndani, nyuma ya pazia, muuguzi mkuu, Papa Célestin, alikuwa akimkabidhi zamu mwenzake. Alikuwa na sauti ya mtu asiyelala vya kutosha kwa wiki nyingi, na alipita kitanda kwa kitanda: huyu ageuzwe, huyu apewe maji, huyu aangaliwe kila saa. Kisha akafika katikati.

“Ule wa kitanda ya tano, usipoteze nguvu,” alisema. “Labo ilisha kusema.”

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeonyesha mahali pa kuokoa mikono miwili kati ya kazi ya mikono kumi. Lakini kila mrija huja na namba ya kitanda, na nilikumbuka jina lililokuwa kitanda cha tano. Nililipigia mstari Jumatano. Mama Odile, aliyeuza samaki wanaotoka Kasenga, vipimo vyote vitatu vibaya kuliko vya mtu yeyote katika daftari zima. Nikapita pazia. Sahani yake ilikuwa imeachwa karibu na mlango, imefunikwa, imepoa. Walio jirani naye walikuwa wamelazwa kifudifudi, maana hivyo mapafu hupumua vizuri zaidi. Yeye alilala chali, midomo imekauka, macho wazi. Aliponiona alinyanyua kidole kimoja, akaomba mayi. Nikatafuta kikombe, nikamnywesha kidogo kidogo. Maji mengine yakamwagika shingoni mwake, akayafuta mwenyewe.

“Weye uko nani?” aliniuliza.

Nikamwambia niko wa labo. Alivuta pumzi fupifupi.

“Banasema damu yangu ilisha kusema,” akasema. “Ilisema nini?”

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kurasa zote zile, na hakuna mwenye damu aliyepata kuniuliza imesema nini.

“Ilisema uko mugonjwa sana, mama.”

“Ile najua. Kitu ingine?”

Nilitafuta cha kusema. Nilitafuta kwa uaminifu, katika yote niliyosoma na yote niliyoandika.

“Kitu ingine haisemi,” nikamwambia.

Alifumba macho, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyelipata alilolitaka. Nikamwinua kichwa, nikamlisha vijiko vichache vya uji ule uliopoa. Papa Célestin alinikuta hapo, akaniuliza nani aliniruhusu kuingia. Nilirudi labo, nikanawa mikono mpaka ngozi ikawaka, na ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeusahau mrija usio na jina mfukoni.

Dokta Kisimba alipokuja jioni nilimweleza nilichosikia na nilichoona. Alijitetea kwanza. Alifungua daftari, akanionyesha kwa kidole: huyu wa alama amekufa, huyu wa alama amekufa, na huyu. Alama haikosei sana, alisema. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikuwa mtu wa kubishana na madaktari, na sauti yangu ilitoka ndogo.

“Dokta, sasa hatujui tena,” nikasema. “Hatujui kama banakufa sababu ya damu yabo, ao sababu ya kalamu yangu.”

Alibaki na kidole kwenye ukurasa. Karanga zilikuwa katika mkono wake mwingine. Akazirudisha mfukoni bila kula hata moja. Mvua ilikuwa imepungua, na nilisikia maji yakidondoka kutoka paani kwenye pipa. Aliketi kwenye kiti cha yule mwenzetu aliyekuwa mjamzito, kiti ambacho hakuna aliyekikalia kwa miezi, na alipozungumza hakuniangalia.

“Nilichoka kuchagula,” akasema. “Nilitaka karatasi ichagule pa fasi yangu.”

Akaondoka. Kesho yake ile karatasi ya mlangoni haikuwepo. Hilo ndilo ninalomheshimia, na ndilo ambalo hakuna aliyelisema kwenye kilio: si kwamba alijua nani atapona, bali kwamba alikubali, mbele ya msichana wa labo, kuwa hajui. Aliwaita wauguzi akawaambia kwamba mstari mwekundu maana yake ni mtu wa kuangaliwa zaidi, si wa kuachwa. Papa Célestin alikasirika, tena kwa haki. Alisema kwamba wauguzi ni wawili kwa chumba kizima, na kama mtu ana mikono ya kuongeza, ailete. Dokta Kisimba akaleta yake. Kuanzia wiki ile aliingia mwenyewe kila asubuhi kugeuza wagonjwa pamoja nao. Na nilisikia kwamba wa kwanza aliyemgeuza Mama Odile alikuwa Papa Célestin, siku ileile aliyogomba, bila kumwambia mtu.

Mimi nilibadilisha daftari. Lilikuwa na vipimo vya siku ya kuingia tu, kana kwamba mtu anaingia hospitali na kubaki vilevile mpaka mwisho. Nikapiga mistari ya safu mpya, siku ya tatu, siku ya sita, siku ya tisa, nikaomba damu irudi kupimwa. Haikuwezekana yote. Dawa ya kupimia mabaki ya damu iliyoganda ilikuwa ikiisha, na shehena tuliyoahidiwa kutoka uwanja wa ndege wa Luano ilichelewa ndege baada ya ndege, kwa hiyo kipimo hicho nikawawekea wapya, na wa zamani nikawapima viwili tu. Siku ya tatu damu ya Mama Odile ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Siku ya sita, moto wa ndani haukupanda wala kushuka. Alikuwa amepewa oksijeni iliyomtoka mtu aliyefariki. Siku ya tisa ulikuwa umeshuka kidogo, kidogo mno, hata nikarudia kipimo nikidhani mashine imechoka. Ilikuwa kweli.

Nitasema jambo la aibu kidogo. Katika miezi ile, hakuna mtu niliyekutana naye mara nyingi kama Mama Odile, na nilikutana naye ndani ya mrija. Nilipofungua sanduku nilitafuta jina lake kwanza. Nilianza kulisalimu. Nilisema, mama, umelalaje, peke yangu katika chumba kile kirefu, na nikasubiri mashine ijibu. Wengine wa alama nyekundu waliendelea kufa. Siwezi kuandika kwamba kalamu ilipowekwa chini kila mtu alipona. Wengi walikufa wakiwa wamegeuzwa, wamelishwa, wameshikwa mkono. Lakini wapo waliotoka, watu ambao mwezi mmoja kabla ningeapa kwamba nimekwisha kuuona mwisho wao, na kila mmoja wao alinifanya nirudi kwenye kurasa za nyuma, kwenye majina ya zamani yenye mstari, nikijiuliza. Bado najiuliza. Nadhani hilo halitaisha, na sina hakika kama nataka liishe.

Msimu wa baridi ulipoingia, na upepo ukianza kuleta vumbi jekundu la migodini hadi kwenye dirisha langu, Mama Odile aliruhusiwa kwenda. Nilijua kwa sababu jina lake halikuwa ndani ya sanduku. Niliketi nikalikosa, kama mjinga. Saa sita hivi mlango ukagongwa, mara nyingi safari hii, si mara mbili, na aliyegonga hakukimbia. Alikuwa binti yake. Akanieleza kwamba mama yake anakataa kuondoka kabla hajamwona yule wa labo.

Walikuwa wamekaa uwanjani juani, yeye na mabinti wawili waliokuja kutoka mtaa wa Kenya na masufuria yao, kwenye lile benchi refu la saruji. Alikuwa amekonda hata kitenge kikamzunguka mara mbili. Nilisimama mbali, hatua sita au saba, na barakoa yangu, kama nilivyozoea. Alinisalimu, akaniuliza kama mimi ndiye niliyempa maji siku ile, nikamwambia ndiyo. Alishukuru, akashukuru tena kwa Kiluba, na nikadhani imeisha. Kisha akaniuliza:

“Na weye, unakulaka na nani?”

Nikamjibu kwamba nakula na watu wa kwetu. Alinitazama kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mtu asiye na haraka tena.

“Apana,” akasema. “Muntu anakulaka peke yake, namujuaka.”

Akamwambia binti mkubwa apakue. Niliomba radhi, nikataja kazi, nikataja hatari, nikasema kwamba mimi nashika damu. Alionyesha kwa kidevu upande wa pili wa benchi. Nikakaa. Ilikuwa bukari ya moto na samaki wa mto Luapula katika mchuzi wa nyanya, na matembele pembeni. Wanawake wawili wa kufulia walipita na beseni lao, na kwa mara ya kwanza niliziona sura zao. Niliwasalimu, wakaitikia kwa mshangao. Nikanawa mikono. Na kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kula, nikavua barakoa.

Mama Odile alikuwa amekwisha kukata tonge. Mkono wake ukasimama hewani.

“Kumbe uko mutoto,” akasema.

Nikainama nikala. Hawakuniharakisha. Waliongea mbele yangu habari za soko na za mvua iliyokatika, na sahani yangu ilipokaribia kuwa tupu aliniongezea bila kuuliza, nami sikukataa.